Msafara Unapopita Kondele

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa watumiaji wa barabara, Kisumu

Bwana mwenyekiti, chifu wetu, afande uliyekuja kwa niaba ya trafiki, viongozi wa bodaboda na wa matatu, akina mama wa soko la Kibuye, wazee wangu na vijana wangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya misafara ya viongozi na usalama wa barabara zetu. Nimekubali upesi kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 unatujia, na kampeni za nchi hii zinafanyika barabarani. Mgombea atashuka uwanja wa ndege asubuhi, atasimama juu ya gari pale makutano ya Kondele, hapa mjini, kisha ashike njia ya Mamboleo na Kiboswa kuelekea Kakamega. Kesho yake mwingine atatoka Nairobi kupitia Nakuru na Kericho, aingilie Awasi, Ahero na Nyamasaria. Kila mmoja ana magari yake, walinzi wake na ving'ora vyake. Barabara ni ile ile moja.

Mimi nimeendesha ambulensi mpaka nilipostaafu. Misafara nimeitazama nikiwa kwenye usukani, mara nyingi nimesimamishwa, na mtu amelala nyuma yangu anayehitaji daktari. Ndiyo maana ninalichukulia jambo hili kwa uzito.

Tuanze na watu. Gari la kwanza la polisi likitokea, mama mboga anaweka kisu chini na kukimbilia ukingo wa lami. Mwanafunzi anapunga mkono bila kujua ni nani aliyepita. Kijana wa bodaboda anawasha pikipiki aufuate msafara. Mwenye duka anateremsha mlango wa chuma, kwa sababu anakumbuka kilichompata mwaka fulani. Wapo wanaoshangilia hadi sauti inakauka, wapo wanaozomea, wapo wanaogeuza mgongo makusudi ili kiongozi awaone wamegeuka. Na mara chache, lakini mara zisizosahaulika, yupo anayeinama kuokota jiwe.

Hayo yote, isipokuwa jiwe, ni haki yao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sauti ya kuzomea si silaha. Kiongozi anayetaka kura zetu avumilie kusikia tunavyomwona, hata siku ambayo hatumwoni vizuri. Na askari aliyesimama mbele ya umati unaozomea akumbuke kwamba kazi yake siku hiyo inawahusu pia hao wanaozomea.

Hapa Kisumu hatuwezi kuzungumza habari hii bila kutaja tarehe 25 Oktoba 1969. Wazee mlioko hapa mlikuwa vijana au watoto. Nyinyi vijana mmeipata kwa vipande vipande, basi niwasimulie kwa ufupi. Mzee Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali kuu ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ndiyo ile ambayo mpaka leo ukimwambia bodaboda akupeleke Russia, hakuulizi swali la pili. Ilikuwa miezi mitatu na siku kadhaa tangu waziri Tom Mboya, mwana wa Nyanza, auawe kwa risasi jijini Nairobi, tarehe 5 Julai. Nyanza nzima ilikuwa na uchungu. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais kabla ya kujiuzulu mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, alikuwepo pale. Wafuasi wa KPU walizomea. Rais akajibu kwa maneno makali mbele ya umati. Rabsha ikazuka, na risasi zikafyatuliwa kwa watu. Serikali ilitangaza vifo 11. Watu wa hapa wamesema miaka yote kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Linaloniuma kuliko yote ni kilichofuata msafara ulipoondoka. Risasi ziliendelea kando ya barabara ya Nairobi, mpaka Ahero, mpaka Awasi. Ahero iko yapata kilomita 25 kutoka hapa. Mtu aliyesimama Ahero hakumzomea yeyote hospitalini. Hakuwa na habari ya kilichotokea. Alitoka nyumbani kumwona rais wake akipita. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013, lakini hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya watoto na wazazi waliopigwa risasi kando ya lami.

Sisemi haya ili tukasirike upya. Nasema kwa sababu hofu ya siku ile ilirithiwa na pande mbili. Upande wetu, tulirithi kuamini kwamba msafara mkubwa ukija, kuna mtu hatarudi nyumbani. Upande wa walinzi, walirithi kuambiwa kwamba Kisumu ni mji wa kupita mbio, vioo vikiwa vimefungwa na kidole kikiwa karibu na bunduki. Watu wenye hofu wanapokutana barabarani, pande zote mbili, kitu kidogo sana kinatosha kuleta maafa. Chupa ikianguka, gurudumu likipasuka, mtu anakimbia, mwingine anafyatua.

Kizazi changu mimi kilikua na misafara ya aina nyingine. Enzi za Mzee Moi tulitolewa madarasani tukapangwa kando ya barabara, tukasimama juani tukiimba mpaka apite. Wengine waliipenda siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na masomo. Lakini hakuna aliyetuuliza kama tumekunywa maji, wala aliyejali tunarudije nyumbani jioni. Nashukuru zama hizo zimepita, na naomba mwalimu mkuu yeyote atakayeombwa kuwatoa watoto awapange barabarani mwaka ujao akatae.

Sasa nije kwenye jiwe. Tarehe 10 Novemba 2021 magari ya msafara wa William Ruto, wakati huo akiwa naibu rais, yalipigwa mawe hapa hapa Kondele. Tarehe 1 Aprili 2022 helikopta ya Raila Odinga ilipigwa mawe Kabenes, Uasin Gishu, alipokuwa amekwenda kwenye mazishi ya Mzee Jackson Kibor. Mei 2025, kule Kehancha, Migori, kiatu kilirushwa kikampiga Rais Ruto mkononi akiwa anahutubia. Nimetaja upande huu na upande ule kwa makusudi. Nawajua watu waliolaani mawe ya Kabenes wakanyamaza juu ya yale ya Kondele, na nawajua waliofanya kinyume chake. Sikubaliani na wote wawili. Jiwe likirushwa kwa mtu usiyempenda ni lile lile linaloweza kurushwa kwa unayempenda.

Tena jiwe halimfikii mheshimiwa. Yeye yuko ndani ya gari zito, kioo kizito. Linampata dereva wa gari la nyuma, mtu wa mshahara kama mimi nilivyokuwa. Linampata mwandishi wa habari aliyesimama kwenye pikapu na kamera. Likishapasua kioo, gesi ya kutoa machozi inakuja, na gesi hiyo inaingia Kondele kwenye vibanda vya samaki, inaingia manyumbani Manyatta, inamfikia mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake. Aliyerusha keshakimbia. Anayebaki kukohoa ni jirani yake.

Niguse pesa, maana bila hiyo tutakuwa tunadanganyana. Baada ya kisa cha Kondele cha 2021, taarifa ya polisi ilitaja mvutano wa makundi juu ya pesa za kampeni, na wenzake naibu rais wakawalaumu wapinzani wao. Sitaamua kesi hiyo hapa. Lakini kila mmoja wetu ameona yanayotokea kiongozi anapochomoza juu ya gari na kurusha noti. Watu wanaacha kuangalia magari, wanaangalia karatasi zinazopeperuka. Mtoto anaingia kati ya magurudumu. Pikipiki zinagongana. Nimewahi kumchukua kijana aliyevunjika mguu katika kinyang'anyiro cha namna hiyo, na njia nzima alikuwa ameikaza ngumi yake, hataki kuifungua hata muuguzi atafute mshipa. Noti aliyoipata haikutosha kulipia picha ya mguu.

Na nyinyi vijana wangu wa bodaboda, mnisikilize vizuri, kwa sababu nawapenda. Mnapewa pesa ya mafuta ili mkamlaki mheshimiwa na kumsindikiza. Sawa, ni kazi, na mafuta ni ghali. Lakini nimewaona mkienda mbele ya magari yanayokimbia, wawili watatu kwenye pikipiki moja, mwingine amesimama kwenye kiti, hakuna kofia hata moja. Gari la ulinzi halisimami. Dereva wake amefundishwa asisimame, kwa sababu gari lililosimama ndilo rahisi kushambuliwa. Ukianguka mbele yake, yeye ana nukta moja ya kuamua, na amefundishwa tayari aamue nini. Kama ni lazima mumlaki, kubalianeni mkamsubiri uwanjani, pikipiki zikiwa zimeegeshwa. Pesa ya mafuta italipwa tu, mheshimiwa anayetaka umati ataitoa hata mkikaa pale pale mlipo.

Nimesema gari la ulinzi halisimami. Nataka tuwe wa haki kwa walinzi pia. Kondele ina daraja la juu, na mlinzi akipita chini ya daraja anafikiria aliyeko juu. Kazi yake ni kufikiria hivyo. Viongozi wameuawa duniani wakiwa ndani ya magari yao, na sitaki siku moja jina la mji wetu liingie katika orodha hiyo. Lakini mbio zenyewe nazo zina hatari zake, hata kwa kiongozi. Wenzetu wa Tanzania walimpoteza waziri mkuu wao, Edward Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, msafara wake ulipogongana na gari jingine huko Dakawa, Morogoro. Hapa kwetu, Mwai Kibaki alipata ajali Desemba 2002 akitoka kwenye kampeni, na mwishoni mwa mwezi huo huo akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Barabara haimwulizi mtu cheo chake.

Ndugu zetu wa Nakuru wana taabu ya aina yao. Kutoka Nakuru kwenda Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, barabara hiyo inabeba malori mengi ya Uganda na Rwanda. Ikifungwa kwa ajili ya mkubwa, foleni inajipanga kwenye mteremko. Ikifunguliwa, kila dereva anataka kufidia muda alioupoteza, na matatu zinaanza kupita malori mahali pasipopitika. Tukumbuke pia njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023: lori lilishindwa kudhibitiwa, likawaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hapakuwa na msafara wowote siku hiyo. Lakini kila msafara unapotangazwa, ni kando hiyo hiyo ya barabara tunapowaita watu wakusanyike kwa mamia. Ndiyo maana nawasihi wanasiasa: Kisumu ina uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, ina Kirembe, ina uwanja wa Mamboleo. Hutubieni huko. Acheni kusimamisha mkutano katikati ya lami.

Sasa niwaeleze siku moja ya kazi yangu. Tulikuwa tumetoka upande wa Vihiga na mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Muuguzi alikuwa naye nyuma. Tulishuka Kiboswa vizuri, lakini tulipofika Mamboleo magari yote yalikuwa yamesimama. Nikashika ukingo wa kushoto, king'ora kikilia, mpaka nikafika mbele na kukuta askari wawili na gari limewekwa kukinga njia. Mmoja alikuja dirishani, kijana mdogo. Akaangalia nyuma, akaona damu, uso wake ukabadilika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, mimi sina ruhusa. Nikifungua, kesho sina kazi." Akamwita mkubwa wake kwa redio. Akaambiwa asubiri. Tukasubiri. Muuguzi alikuwa akigonga kile kidirisha cha nyuma yangu kwa vidole, bila kusema neno, ili mgonjwa asiogope.

Msafara ulipopita, ulipita kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache. Mtoto tulimfikisha hai. Mama naye alifika hai, lakini damu ilikuwa imemwisha sana, na madaktari ilibidi waondoe kizazi ili wamwokoe. Alikuwa msichana bado. Simtaji kiongozi aliyepita siku hiyo, na yule askari simlaumu. Alikuwa na moyo, hakuwa na ruhusa. Ninaloomba, afande, ni kwamba kila mahali barabara inapofungwa awepo askari mwenye ruhusa ya kuifungua kwa ajili ya mgonjwa, bila kumpigia mtu, na bila kuogopa kesho yake.

Liko jambo jingine linalochangia, na hili tumelifanya sisi wenyewe. Ving'ora vimekuwa vingi mno. Gari la maiti lina king'ora. Mwanasiasa wa wadi ana king'ora. Tajiri akienda harusini ana king'ora na taa za rangi. Siku ile nilipokuwa napita ukingoni, madereva wengine walinitukana wakidhani mimi ni sehemu ya msafara. Zamani mtu akisikia ile sauti alipisha, maana alijua kuna mgonjwa, moto au polisi. Sasa anaangalia kwenye kioo chake kwanza aone kama ni kweli. Kule kuangalia ndiko kunakoua. Trafiki wavivue ving'ora hivyo kwenye magari yasiyostahili, na waanze na ya wakubwa, wadogo watafuata wenyewe.

Nimewahi kuambiwa kwamba saa ya msafara haiwezi kutangazwa kwa sababu za kiusalama. Ninaelewa kwa nini dakika na njia kamili zifichwe. Lakini wiki nzima kabla ya mkutano tunasikia magari ya vipaza sauti yakitangaza siku, uwanja na jina la mheshimiwa, na mabango yamebandikwa mpaka kwenye choo cha stendi. Adui, kama yupo, ameshasoma. Asiyeambiwa chochote ni mama anayekwenda kliniki, mwenye matatu aliyebeba wanafunzi wa mtihani, na muuza samaki ambaye mzigo wake unaharibika juani. Tuambiwe jana yake tu, kupitia redio za hapa, kupitia chifu, kupitia ofisi za matatu: kesho, kati ya asubuhi na adhuhuri, epukeni barabara hii, tumieni ile. Mtu aliyeambiwa mapema anajipanga. Mtu aliyekwama juani bila kuambiwa ni nani anayemngoja ndiye anayeanza kutafuta cha kurusha.

Kuhusu bunduki nitasema wazi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na bunduki iwe pale tu ambapo njia nyingine hazitoshi, kama vile kuokoa maisha yaliyo hatarini. Mtu akiuawa au kujeruhiwa vibaya na polisi, ni lazima Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ijulishwe. Kwa hiyo kijana wangu, ukiona jambo, andika mahali, saa na namba ya gari, upeleke huko kupitia wanasheria wa haki za binadamu waliopo mjini. Usilipeleke kwa jiwe. Na nyinyi maafande, mkijua kwamba tunajua sheria hiyo, msituone wakorofi. Tunataka mrudi kwa watoto wenu kama sisi.

Nimalizie na Kondele, maana ndipo mambo yote haya yanapokutana. Hospitali ya Russia, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Jaramogi, iko hatua chache kutoka pale. Barabara ya Kakamega inapita pale. Barabara ya kuzunguka mji kutoka Nyamasaria kwenda Kisian inapita pale pale. Wagonjwa wa Vihiga, wa Siaya, wa Nyando na wa Kakamega wanaletwa hospitali hiyo hiyo. Ukiifunga Kondele pande zote, umefunga mlango wa hospitali ya mkoa mzima, hata kama ni kwa nusu saa. Na Kondele ndipo kila mgombea anapotaka kusimama juu ya gari lake, kwa sababu umati uko pale.

Afande, nakushukuru kwa kuja na kwa kukaa mpaka sasa. Nimeomba ramani ya Kondele ibandikwe hapo ukutani nyuma yako, na kalamu nyekundu iko mezani. Kabla hujajibu maswali ya wengine, naomba utuchoree njia itakayobaki wazi kwa ambulensi siku hizo, kutoka Mamboleo na kutoka Nyamasaria, na utuandikie cheo cha askari atakayesimama kwenye kila kona akiwa na ruhusa. Viongozi wa bodaboda wamekubali kuilinda njia hiyo isizibwe na pikipiki, na akina mama wa Kibuye wamekubali kutopanga bidhaa juu yake. Karibu mbele, afande.